Chura wa Maabara Ale Nini?

Hoja: Chura anayefugwa shuleni kwa ajili ya masomo alishwe wadudu wa kukamatwa nje, au wa kufugwa peke yao?

Wanaojibizana: mwalimu wa bayolojia wa sekondari, Same mjini, mama anayefuga nyenje na funza, mkulima wa nyanya na vitunguu wa tambarare ya Hedaru, mlinzi wa msitu wa Chome, na mwanafunzi wa kidato cha tano ambaye hakualikwa ila alikuja.

MWALIMU: Wanafunzi wa kidato cha sita wanapasua chura kwenye bayolojia ya vitendo. Vyura hao wanaokotwa mtaroni, wanatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, wanakaa humo bila kula mpaka siku ya kisu. Sijawahi kusikia mtu akiuliza wanakula nini. Leo nasema tufuge wachache, tuwaone wakiwa hai: koo linavyopanda na kushuka wakipumua, wanavyojivua ngozi na kuimeza, ulimi unavyofyatuka. Hapo ndipo kila mtu amegeuka mtaalamu wa lishe. Jamani, chakula kipo. Nendeni chini ya taa ya bweni usiku baada ya mvua za kwanza za vuli: nondo, panzi, nyenje, mbawakawa, kumbikumbi. Pitisha wavu kwenye nyasi, umepata mlo. Ni bure, na ndicho chakula ambacho chura amekula miaka yote bila kuandikiwa na daktari.

MFUGAJI: Rahisi ghali, Mwalimu. Nondo uliyemkamata chini ya taa leo, jana alilala shamba gani? Hujui. Mimi nyenje wangu namfahamu tangu yai. Najua alikula pumba, najua mchicha wake ulitoka nyuma ya nyumba yangu. Ukiniuliza mdudu gani ni salama kwa chura, sitakutajia jina la mdudu kwanza. Nitakuuliza huyo mdudu amekula nini na amepita wapi.

MWALIMU: Unasema hivyo kwa sababu unauza nyenje.

MFUGAJI: Nauza, sikatai. Lakini mteja wangu mkubwa ni kuku. Chura wako mmoja hatanijengea nyumba.

MKULIMA: Naomba nafasi, maana hao wadudu mnaowagombania wanatoka shambani kwangu. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017, mahindi yasiyopuliziwa ni ya kuangalia tu. Nyanya ndiyo usiseme. Kiwavi wa kantangaze akishaingia ndani ya jani, dawa moja haimtoi; tunachanganya mbili, wengine tatu, kwenye bomba moja la mgongoni. Maofisa ugani wametukanya, lakini ndivyo watu wanavyofanya. Sasa sikilizeni jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya Mwalimu. Panzi mzima humkamati kirahisi. Ukinyoosha mkono, keshafika mche wa tatu. Yule anayekusubiri, anayetembea upandeupande huku miguu inatetemeka, huyo keshaonja dawa. Mtume mtoto akuletee panzi wa chura, atakuletea hao, kwa sababu ndio wanaokamatika.

MWALIMU: Hilo nakubali, lakini...

MKULIMA: Sijamaliza. Kwenye chupa ya dawa kuna kibandiko. Kinaniambia nikishapuliza nisivune mpaka zipite siku kadhaa, kwa ajili ya mlaji. Sijaona kibandiko kinachosema panzi wa shamba hilo aliwe baada ya siku ngapi.

MWALIMU: Basi tusiende mashambani. Same si shamba zima, mzee wangu. Ukielekea Makanya kuna nyika, migunga na nyasi kavu. Hakuna nyanya wala bomba la mgongoni.

MKULIMA: Hakuna nyanya, kuna ng'ombe. Wanaogeshwa dawa ya kupe na wanachomwa ivamekitini ya minyoo. Ivamekitini inatoka na mavi, na humo inaendelea na kazi: funza wa nzi na watoto wa mbawakawa wanafia ndani ya kinyesi. Waliobahatika kupona ndio unaowapeleka darasani. Na mmesahau mwanzoni mwa 2021, nzige wa jangwani walipovuka kutoka Kenya wakaingia huku kaskazini? Serikali iliwapulizia sumu kwa ndege. Mdudu hana mpaka, na dawa nayo haina.

MLINZI: Nyika nyingine hapo jirani ni Mkomazi, na Mkomazi ni Hifadhi ya Taifa tangu 2008. Lango la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini. Msije mkakamatwa na wavu mkononi mkasema mnatafuta panzi wa shule.

MWALIMU: Kwa hesabu zenu, vyura wa mtaani wangekuwa wamekwisha. Mbona wapo? Masika hawatulazi kwa kelele, na wanakula panzi haohao, nondo haohao. Tena chura si mjinga. Kuna majaribio ya Japani yaliyochapishwa 2018: vyura walimeza mbawakawa wa aina inayofyatua kemikali ya moto. Baadhi ya vyura wakawatapika wakiwa hai, na kuna aliyetapikwa baada ya saa moja na dakika 47. Wapo vyura ambao hulitoa tumbo zima nje ya mdomo, wakalipangusa kwa mkono wa kulia, kisha wakalimeza tena. Kiumbe mwenye ufundi huo wewe unataka umchagulie chakula?

MFUGAJI: Yule mbawakawa anachoma, ndiyo maana akatapikwa. Dawa ya kantangaze haichomi mdomoni. Inaingia kimya na kazi yake inaonekana keshokutwa, chura akiwa amelala kifudifudi miguu imenyooka nyuma. Halafu chura wa nje ana nafasi ya kuchagua. Akimwacha huyu atamkuta yule. Wa kwenye sanduku lako ana njaa na ana kile ulichomtupia. Na kuhusu kelele za masika: unawasikia wanaolia, Mwalimu. Waliokufa hawalii.

MWANAFUNZI: Kwani lazima mdudu awe hai? Si tungewapa dagaa?

MFUGAJI: Mwekee dagaa mbele ya pua, mwanangu, atakaa nao mpaka waoze. Macho ya chura yanakamata kinachosogea. Kisichosogea kwake si chakula. Ndiyo maana hatuna njia ya kukwepa suala la wadudu hai, na ndiyo maana tunagombana.

MWALIMU: Haya, niambie basi wadudu wa nje wanaokutisha, uwataje mmoja mmoja. Maana "wa porini" ni neno pana mno.

MFUGAJI: Siafu kwanza. Hao huwapi chura. Ukiwaacha wakaingia kwenye sanduku usiku, asubuhi huna chura. Pili, kile kidudu chembamba chenye mkanda mwekundu na mweusi, ambacho ukikisugua shingoni kesho unaamka na malengelenge. Tatu, panzi wale wa madoa ya manjano, meusi na mekundu, wazito, hawaruki, wananuka ukiwashika. Mnyama anayetembea taratibu hadharani na nguo za sherehe ana sababu yake. Nne, mbawakawa wa mistari wanaokula maua ya maharage. Na kimulimuli. Marekani kuna mijusi wa kufugwa waliokufa kwa kumeza kimulimuli mmoja.

MWALIMU: Siafu nakupa. Kimulimuli wa Marekani ni wa Marekani, sijui unamhukumuje wa Suji kwa kosa la ndugu yake. Lakini mbawakawa wa maharage umemkosea. Sumu yake ni kali kwa mtu na kwa farasi, si kwa chura. Katika karne ya 19 wanajeshi wa Ufaransa waliokuwa Algeria walikula mapaja ya chura, wakalazwa wakiwa na maumivu ya kibofu na dalili nyingine ambayo sitaitaja mbele ya mwanafunzi. Daktari wao alipopasua vyura wa eneo lile alikuta matumbo yamejaa mbawakawa wa jamii hiyo. Vyura walikuwa buheri wa afya. Waliougua ni walaji wa vyura. Sasa ukitoa orodha ya sumu kwa kuangalia ngozi ya binadamu, unamwekea chura sheria za mtu mwingine.

MWANAFUNZI: Dalili gani, Mwalimu?

MWALIMU: Utasoma chuo kikuu.

(Mkulima alicheka mpaka akakohoa. Mlinzi hakucheka.)

MFUGAJI: Kisa kizuri. Lakini wewe uko tayari kumjaribu chura wa shule kwa mbawakawa ili tuone kama ni wa Algeria au si wa Algeria? Mimi nikiwa sijui, simpi. Ninao nyenje, ninao funza, ninavyo vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu. Nahatarisha kwa faida gani?

MWALIMU: Kwa faida ya lishe! Hapo ndipo ufugaji wako unapochechemea. Nyenje leo, nyenje kesho, nyenje Jumapili. Sisi Wapare tunasifika kwa makande, lakini hata Mpare ukimpa makande asubuhi, mchana na usiku mwaka mzima atakimbilia Moshi. Sisemi ya kubuni. Kuna chura wa Wyoming, Marekani, aliyetoweka porini akabaki mikononi mwa wafugaji. Wafugaji wakaona ajabu: chura anamlenga mdudu, ulimi unatoka, unamgusa, na mdudu anabaki palepale. Ulimi umepoteza ute unaonata. Chanzo kilikuwa upungufu wa vitamini A. Chura aliyezungukwa na chakula alikuwa anashindwa kula. Na hakuwa analishwa panzi wa Hedaru. Alikuwa analishwa wadudu wa kufugwa, kama wako.

MFUGAJI: Hilo ni kweli, na sitalizunguka. Mdudu wa kufugwa ni gunia. Thamani yake ni ulichotia ndani. Ndiyo maana siku mbili kabla ya kumtoa nyenje namlisha karoti, mchicha, majani ya mlonge. Hata hivyo karoti peke yake haitoshi; wanaofuga kwa uangalifu wanaongeza vitamini ya unga. Ila Mwalimu, umeruka jambo kubwa kuliko vitamini A, nalo linawahusu wadudu wako na wangu sawasawa. Kalsiamu. Nyenje, panzi, funza wa unga, karibu wote wana fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Chura akila hivyo tu, mwili unakwenda kukopa kalsiamu kwenye mifupa. Taya linalegea, mgongo unapinda, anarukia mdudu anaangukia ubavu. Wa nje anapata kidogo hapa na pale, kwa konokono mdogo na udongo unaoshikamana na windo, na anapata jua. Wa sandukuni hapati.

MKULIMA: Na dawa yake?

MFUGAJI: Maganda ya mayai. Yachemshe, yaanike, yasage mpaka yawe laini kama poda ya mtoto. Tia nyenje kwenye mfuko wenye poda hiyo, tikisa kidogo, atoke mweupe kama mwokaji mikate, umpe chura papo hapo. Papo hapo, maana nyenje ni msafi; ukimwacha atajipangusa yote. Wengine wanachukua DCP, ile ya madini ya kuku, kwa kuwa ipo dukani. Hapana, ile ina fosforasi ndani yake, unarudi kulekule. Funza wa BSF, yaani nzi askari mweusi, ndiye pekee kati ya ninaowafuga ambaye kalsiamu anayo ya kutosha mwenyewe. Na kitu kingine ambacho watu hawakizingatii: ukubwa. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya chura. Na nyenje ambaye hakuliwa atolewe usiku huohuo. Akibaki na njaa, yeye ndiye atamtafuna chura, anaanzia vidole.

MWALIMU: Yote hayo yanaweza kufanyika kwa panzi wa nyikani pia. Hata yeye atatikiswa kwenye mfuko.

MFUGAJI: Kama yupo. Njoo Agosti uniletee panzi wa nyikani Same. Tambarare hii mvua ni vuli na masika, basi. Katikati hapo nyasi zinakuwa majivu. Chura wako atafunga mpaka Novemba?

MWALIMU: Chura wa porini naye hufunga. Hujizika akasubiri mvua.

MFUGAJI: Kwenye udongo wenye unyevu anaouchagua mwenyewe. Si kwenye kisanduku cha kioo juu ya meza ya maabara.

MWALIMU: Sawa. Sasa nami nikuulize kuhusu usafi wa hao wa kufugwa mnaowasifu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Poland uliopima maeneo 300 ya kufugia wadudu, ya majumbani na ya maduka ya wanyama. Vimelea vilikutwa kwenye zaidi ya 80 kati ya kila 100. Vingine havina madhara, lakini vingine vinaweza kumletea ugonjwa mnyama na hata mtu. Na kabla ya hapo kulikuwa na virusi vilivyofagia nyenje wa kufugwa Ulaya kisha Marekani; kufikia 2010 kuna mashamba makubwa ya Marekani yaliyofungwa kwa kukosa nyenje wa kuuza. Havikuwadhuru vyura, lakini vyura wa watu walibaki bila chakula. Ukiwarundika viumbe elfu kwenye debe moja, umetengeneza soko la magonjwa. Panzi wangu anaishi kwa nafasi.

MFUGAJI: Hao walikuwa wachafu. Debe langu linasafishwa.

MWALIMU: Kila mmoja wa wale 300 angekuambia hivyohivyo.

MWANAFUNZI: Mama, samahani. Nyenje nimeelewa. Funza wako wao wanakula nini?

MFUGAJI: Mabaki ya sokoni. Kabichi, maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka.

MKULIMA: Nyanya za nani?

MFUGAJI: Za wakulima, mzee.

MKULIMA: Zangu.

MWALIMU: Asante sana, bwana mkubwa. Kwa hiyo bomba la mgongoni limefika kwenye debe la mama kwa mlango wa nyuma. Tena funza hao wana tabia ya kukusanya kadimiamu mwilini kutoka kwenye wanachokula. Tofauti yetu sasa ni ipi? Mimi nalisha chura mdudu wa shambani, wewe unamlisha mdudu aliyeletewa shamba nyumbani.

MFUGAJI: Tofauti ni kwamba mimi naweza kubadilisha. Nikigundua leo, kesho naacha nyanya za soko. Wa chura nawatenga na debe lao, wanakula pumba na mboga za uani kwangu tu. Wewe huwezi kumwambia nondo asipite Hedaru. Nilisema tangu mwanzo: swali ni amekula nini. Sijasema mimi ni malaika. Nimesema jibu lake liko mikononi mwangu.

MKULIMA: Na wale wa kuku? Maana mayai tunakula sisi.

MFUGAJI: Tuko kwenye chura, mzee.

(Swali la mkulima lilistahili jibu refu kuliko lilivyopata. Mwandishi anaendelea kulisubiri.)

MLINZI: Mmezungumza saa nzima kuhusu mdudu. Hakuna aliyeuliza chura mwenyewe anatoka wapi.

MWALIMU: Wa mtaroni. Wale wakubwa wa madoa wanaokaa chini ya taa.

MLINZI: Leo wa mtaroni. Kesho mwanafunzi mwenye bidii atapanda na basi la Vudee au Mbaga, atasikia kuna chura wa ajabu huko juu. Na wapo kweli. Msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, una vyura wawili wa jenasi ya Callulina waliotambulishwa kwa sayansi mwaka 2010, Callulina shengena na Callulina stanleyi. Wa tatu, Callulina laphami, alitangazwa mwaka huohuo kutoka Upare Kaskazini. Hawaruki, wanatembea. Hawana viluwiluwi; mayai yanatagwa nchi kavu na kinachotoka ni chura mdogo kamili. Ukimtoa pale kwenye majani yaliyooza na ukungu ukamleta kwenye joto la Same mjini, hata umpe nyenje aliyelishwa asali, hatakaa. Ile ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Huokoti hata jani bila kibali.

MFUGAJI: Kaka, hakuna aliyesema tukamchukue wa Chome.

MLINZI: Ndivyo inavyoanza. Nje kuna watu wanalipa fedha nzuri kwa chura na kinyonga wa milima hii. Ndiyo maana serikali ilizuia usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Juni 2022 yakatangazwa mabadiliko ya kulegeza zuio hilo, watu wakapiga kelele, waziri akayasimamisha ndani ya muda mfupi sana. Ukifundisha darasa zima kufuga chura na kuwalisha, umefundisha pia nusu ya kazi ya mtu anayetaka kuwauza.

MFUGAJI: Nusu hiyohiyo ndiyo iliyomwokoa chura wa Kihansi. Usiidharau. Aligunduliwa 1996 kwenye rasharasha za maporomoko kule Udzungwa, kachura kasikofika sentimita 3, sehemu hiyo moja duniani. Bwawa la umeme lilipochepusha maji mwaka 2000, rasharasha zikakatika. Vyura 499 wakapelekwa Marekani mwaka huo. Mwaka 2003 waliobaki bondeni wakaporomoka, na 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoka bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Unadhani miaka yote hiyo waliishi kwa nini? Kwa vijinzi vidogo na wadudu wa kufugwa, kizazi baada ya kizazi. Usingeweza kumwambia chura wa Kihansi aliyeko New York asubiri kumbikumbi wa vuli.

MWALIMU: Simulia na sehemu nyingine. Kati ya wale 499 wengi walikufa miaka ya mwanzo, mpaka wakabaki kwenye bustani mbili tu za wanyama. Kufuga hakukuwa lelemama hata kwa wenye maabara na madaktari wa wanyama.

MKULIMA: Na mimi niongeze. Katika sababu zilizotajwa za kuporomoka kwao 2003, mbali na maji na ugonjwa wa kuvu, ilikuwemo dawa ya mashambani, endosalfani, iliyodhaniwa kushuka na tope bwawa lilipofunguliwa. Wengine walibisha. Lakini ilitajwa, na sisi wenye mabomba tulisikia.

MLINZI: Mnaona? Kila mmoja kamchukua Kihansi kwa upande wake. Kihansi walifuga kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Shule ina njia nyingine. Wapeleke wanafunzi kwenye mtaro usiku na tochi, wamwangalie chura akila anachotaka, warudi kulala. Mkishamaliza masomo, wa kwenye sanduku mrudisheni alikotoka.

MFUGAJI: Hapo hapana, kaka yangu. Hapo ndipo unaponitisha wewe. Chura aliyekaa sandukuni na wenzake wa mitaro mingine, akala wadudu wa mbali, akaoga maji ya bomba, unamrudishaje tu? Kuvu wa kitridi ameua vyura mabara kadhaa, naye anasafiri kwa maji, kwa tope, kwa chura mmoja mgonjwa asiyeonyesha dalili. Wa Kihansi hawakufunguliwa mlango tu. Walirudi nchini 2010, na bondeni wakaenda 2012 baada ya kupimwa. Shule itapima na nini?

MLINZI: Kwa hiyo akishaingia sandukuni ndiyo kifungo cha maisha?

MFUGAJI: Ndiyo. Na chura akitunzwa anaishi miaka mingi. Mwalimu atahamishwa kwenda Mtwara, chura atabaki na njaa.

MWALIMU: Mnanitisha kwa Mtwara sasa? Sikilizeni. Watoto hawa watamaliza kidato cha sita wakimjua chura kama kitu cha kubandikwa kwa pini kwenye ubao wa nta. Nataka mmoja wao aone ulimi ule hata mara moja. Kama gharama ni kutumia nyenje wa mama, nitatumia nyenje wa mama, siku za shule. Lakini sikubali kwamba wavu ni dhambi. Nitautumia kwenye uwanja wa shule ambao najua haupuliziwi, baada ya mvua, na kila nitakachokipata wanafunzi watakitambua kabla hakijaingia kwenye sanduku. Asiyetambuliwa haliwi. Hilo nalo ni somo la bayolojia, tena kubwa kuliko kupasua.

MFUGAJI: Na bweni? Halipuliziwi dawa ya mbu?

MWALIMU: Linapuliziwa.

MFUGAJI: Basi chini ya taa ya bweni umejifungia mwenyewe.

MWANAFUNZI: Na kunguni. Muhula uliopita walipuliza hadi nje, kwenye ukuta wenye taa.

MWALIMU: Chini ya taa naondoa. Uwanja nabaki nao.

MLINZI: Mimi sijabadilika. Chura mmoja, wa mtaroni, kwa kibali, na jina lake liandikwe kwenye daftari la shule. Wa mlimani hashuki. Mkinishinda kwa hoja tutaonana kwa barua; mnatujua Wapare, tunauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku.

MFUGAJI: Na mimi funza wa chura nitawatenga kuanzia leo. Nyanya za sokoni hawataziona.

MKULIMA: Alhamisi napuliza, kantangaze ameingia tena upande wa mfereji. Jirani yangu wa vitunguu anapuliza Jumamosi. Mwalimu, hata huo uwanja wako uko upande upepo unakovumia. Msituhesabu sisi kama maadui wa chura wenu. Hakuna mkulima atakayeficha siku aliyobeba bomba akiulizwa vizuri. Kabla hamjatoka na wavu, pigeni simu.